Mafuta Yakimwagika Mtoni: Jinsi Uhai wa Ufuoni Unavyorejea

Tangu bomba la mafuta kutoka pwani lifike Eldoret na Kisumu mwaka 1994, magari ya kubeba mafuta hupita usiku na mchana katika barabara kuu ya Webuye na Bungoma kuelekea Malaba na Uganda. Mengine hupanda hadi Kitale na miji iliyo karibu nayo. Njiani yanavuka Mto Nzoia na mito mingi midogo ambayo wakazi wa Trans Nzoia na Bungoma hutegemea kwa maji ya nyumbani, ya mifugo na ya mashamba.

Watu wengi huona kumwagika kwa mafuta kuwa tatizo la Mombasa na bahari. Ukweli ni kwamba gari moja likipinduka karibu na daraja, au karakana moja ikizoea kumwaga oili chafu mtaroni, ufuo wa mto wa bara hupata madhara yale yale yanayopata ufuo wa bahari. Makala hii inaeleza jinsi mafuta yanavyoua viumbe wa ufuoni, jinsi viumbe hao wanavyorudi, na mambo yanayofanya ufuo mmoja upone kwa miaka miwili na mwingine usipone hata baada ya miaka ishirini.

Mafuta huua kwa njia mbili

Njia ya kwanza ni sumu. Petroli, mafuta taa na dizeli zina kemikali nyepesi zinazoyeyuka kidogo ndani ya maji. Hizo huua samaki wachanga, mayai ya samaki na wadudu wa majini kwa muda mfupi. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kemikali hizo hupaa hewani, hasa kukiwa na jua na upepo. Petroli iliyomwagika juani huweza kupungua sana kwa siku moja au mbili.

Njia ya pili ni kuziba pumzi. Mafuta mazito, kama vile mafuta ghafi na oili chafu ya injini, hayapai upesi. Hugandamana kwenye mawe, matete na mizizi, kisha hufunika viumbe wanaopumulia hapo. Ndege akiguswa na mafuta, manyoya yake hushikana na kupoteza uwezo wa kuzuia maji na baridi. Anapojaribu kujisafisha kwa mdomo, humeza sumu.

Mikoko ya pwani ni mfano mzuri wa madhara haya. Miti hiyo huota katika tope lisilo na hewa, na mizizi yake hujitokeza juu ili ipumue kupitia vitundu vidogo. Mafuta yakiziba vitundu hivyo, mti hukauka ukiwa umesimama. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitobolewa mjini Mombasa na takriban tani 5,000 za mafuta mazito zikaingia katika mkono wa bahari wa Makupa. Takriban hekta 10 za mikoko zilikufa. Aprili 2005 meli ya mafuta iitwayo Ratna Shalini ilitoboka bandarini Mombasa, na mikoko ya upande wa Port Reitz nayo ikapata madhara.

Uhai hurudi kwa zamu

Baada ya mafuta kuingia ufuoni, viumbe hawarudi wote kwa pamoja. Hurudi kwa zamu, na kila kundi huandalia lingine nafasi.

Wa kwanza ni bakteria. Katika udongo na maji ya karibu kila mahali pana bakteria wanaoweza kutumia mafuta kama chakula. Mafuta yakiingia, huongezeka kwa wingi na kuanza kuyavunjavunja. Wanahitaji oksijeni, joto, na virutubisho vya naitrojeni na fosforasi. Mahali penye hewa na maji yanayotembea hufanya kazi haraka, lakini ndani ya tope lisilo na hewa kazi yao karibu husimama.

Wa pili ni mwani. Wale wanaoula huwa wamekufa, kwa hiyo mwani wa kijani hutanda juu ya mawe. Mtu akipita huweza kudhani kwamba ufuo umekwisha kupona kwa sababu umekuwa kijani. Hali hiyo ni dalili kwamba walaji bado hawajarudi.

Wa tatu ni wadudu, konokono na kaa. Hawa hutoka sehemu zisizochafuliwa. Baharini, wengi wao huletwa na maji wakiwa wachanga. Mtoni, wadudu wa majini huteremka na mkondo kutoka juu, na wengine huruka wakiwa wakubwa na kuja kutaga mayai.

Wa mwisho ni samaki wakubwa, ndege na wanyama wanaozaa polepole. Huko Alaska, Marekani, meli iitwayo Exxon Valdez ilipasuka tarehe 24 Machi 1989 na kumwaga zaidi ya lita milioni 40 za mafuta ghafi. Mwani na viumbe wengi wa mawe walirudi ndani ya miaka michache. Fisi-maji wa baharini walichukua zaidi ya miaka 20. Kundi moja la nyangumi wauaji lililopoteza wengi wa jamaa zake halijarudi katika hali yake hadi leo. Kwa hiyo swali la kama ufuo umepona lina majibu tofauti kulingana na kiumbe anayeulizwa.

Mawe hupona haraka, tope hukawia

Umbo la ufuo huamua mengi. Ufuo wa mawe unaopigwa na maji kila saa hujisafisha wenyewe kwa kiasi kikubwa. Mchanga huchukua muda zaidi, kwa sababu mafuta huzama na kufunikwa. Tope, mikoko na vinamasi ndivyo hukawia kuliko vyote.

Aprili 1986 tangi la kiwanda cha kusafisha mafuta lilipasuka katika pwani ya Panama. Watafiti walirudi mwaka baada ya mwaka na kukuta kwamba mafuta yaliyonywewa na tope la mikoko yalikuwa bado yanachirizika polepole na kuchafua upya mizizi michanga. Miti iliyokufa ilipooza, udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi ulimomonyoka na kuachilia mafuta ya zamani.

Makupa ilikuwa na tatizo jingine. Mkono huo wa bahari ulikuwa umezibwa na tuta la barabara, hivyo maji hayakupita kwa uhuru, na taka za mji ziliendelea kuingia. Ni mwaka 2022 ndipo daraja jipya la Makupa lilipofunguliwa mahali pa tuta na kuruhusu maji kupita tena.

Kwa wakazi wa Trans Nzoia, funzo hili linahusu vinamasi. Hifadhi ya Saiwa Swamp, ambayo ndiyo mbuga ndogo kuliko zote nchini na makao ya nzohe, yaani sitatunga, ni tope, matete na maji yanayotembea polepole. Vivyo hivyo vinamasi vidogo vilivyo chini ya miji na masoko. Vinamasi huchuja maji tunayotumia, lakini pia hushika mafuta kama sifongo na kuyakalia kwa muda mrefu. Mafuta yanapaswa kuzuiwa kabla hayajafika kinamasini, kwa sababu kuyatoa humo baadaye ni kazi ngumu ambayo mara nyingi huharibu kinamasi chenyewe.

Usafishaji mbaya huzidisha madhara

Tarehe 18 Machi 1967 meli iitwayo Torrey Canyon iligonga mwamba karibu na Cornwall, Uingereza. Mafuta yalipofika ufuoni, maelfu ya tani za sabuni kali za viwandani zilimwagwa kuyayeyusha. Mafuta yalitoweka machoni, lakini sabuni hizo zilikuwa na sumu kubwa kuliko mafuta. Konokono wenye gamba la mfano wa kofia, ambao hula mwani na kuweka mawe wazi, walikufa karibu wote.

Kilichofuata kilifundisha dunia. Mwani ulitanda bila mlaji. Baadaye konokono walirudi kwa wingi kupita kiasi, wakamaliza mwani, kisha wengi wakafa kwa njaa. Mizani iliyumba hivyo kwa zaidi ya miaka 10. Mahali paitwapo Godrevy, ambapo sabuni haikumwagwa, uhai ulirudi katika hali ya kawaida kwa takriban miaka 2 hadi 3.

Alaska nako mawe ya ufuoni yalioshwa kwa maji ya moto yenye shinikizo kubwa. Wataalamu waliacha sehemu chache bila kuziosha ili walinganishe. Iligunduliwa kwamba maji ya moto yaliua viumbe wengi waliokuwa wamenusurika mafuta, na sehemu zilizoachwa zilirejesha uhai mapema zaidi. Hata hivyo mafuta yaliyozama chini ya changarawe yalipatikana bado mabichi miongo kadhaa baadaye.

Funzo si kwamba mafuta yaachwe tu. Mafuta mengi yanayoelea yanapaswa kuondolewa upesi, kwa njia ya kuyazuia, kuyanyonya na kuyachota, pasipo kuongeza sumu wala kukanyaga tope. Baada ya hapo ufuo upewe muda na ulindwe.

Miwa iliyozuia mafuta

Tarehe 25 Julai 2020 meli iitwayo Wakashio ilikwama kwenye miamba ya matumbawe ya Mauritius. Ilipoanza kuvuja, takriban tani 1,000 za mafuta ziliingia baharini. Wakazi hawakukaa wakingoja vifaa kutoka nje. Walikusanya majani makavu ya miwa, wakayashona ndani ya vitambaa na magunia, wakafunga chupa tupu ili yaelee, wakayatandaza majini kama ua la kuzuia mafuta. Majani hayo yaliyanyonya mafuta na kuyazuia yasienee zaidi.

Kwa Bungoma, ambako miwa imekuwa zao la wakulima kwa miaka mingi, mfano huu hauhitaji maelezo marefu. Majani makavu ya miwa, makapi yanayobaki baada ya miwa kukamuliwa, mabua makavu ya mahindi na vumbi la mbao hupatikana karibu kila kijiji. Vyote hunyonya dizeli na oili.

Mto Nzoia una nguvu gani ya kupona?

Mto Nzoia huanzia milima ya Cherang'any na Mlima Elgon, hupita Trans Nzoia na Bungoma, huanguka katika maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, kisha huteremka hadi Budalang'i na kuingia Ziwa Viktoria. Njiani hupokea mito mingine kama vile Koitobos, Kibisi na Kuywa.

Mto una faida moja ambayo ufuo wa bahari uliofungwa hauna: maji husonga upande mmoja bila kukoma. Mafuta hayakai mahali pamoja, na maporomoko na mawe huyachanganya maji na hewa ambayo bakteria wanaihitaji. Wadudu wapya huteremka kila siku kutoka juu. Kama sehemu za juu za mto ni safi na zenye misitu, sehemu iliyochafuliwa hupata wageni wa kuijaza upya. Kama sehemu za juu nazo zimechafuka, hakuna wa kuteremka. Kwa sababu hiyo kulinda chemchemi na misitu ya Elgon na Cherang'any ni sawa na kuweka akiba ya mbegu kwa mto mzima.

Faida hiyo ina upande mwingine. Kinachomwagika Kitale hakibaki Kitale. Huenda kwa jirani wa Webuye, kwa mkulima wa Kakamega na kwa mvuvi wa Budalang'i. Samaki aitwaye ningu hupanda mto kutoka ziwani msimu wa mvua ili kutaga mayai. Mafuta yakiingia mtoni wakati huo, hasara huonekana ziwani miezi mingi baadaye, wala mvuvi hajui chanzo chake.

Hatari si ya kufikirika. Mei 2015 bomba la mafuta kati ya Mombasa na Nairobi lilivuja huko Thange, Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni. Mafuta yaliingia mtoni, visimani na mashambani. Wakazi walikosa maji waliyozoea na mashamba yakaharibika. Mafuta yaliyoingia ardhini hayakuondoka na mvua ya kwanza wala ya pili, na madai ya wakazi yalifikishwa mahakamani.

Kidogo cha kila siku ni kibaya kuliko kingi cha mara moja

Ajali kubwa huonekana na watu wote. Lakini mto unaomwagiwa oili chafu kidogo kidogo kila siku haupati nafasi ya kupona. Bakteria wakianza kazi, mzigo mwingine unakuja. Wadudu wakianza kurudi, wanauawa tena. Oili iliyokwisha kutumika katika injini ina pia chembe za metali ambazo bakteria hawawezi kuzila.

Vyanzo vyake vinajulikana: karakana za jua kali zisizo na chombo cha kukusanyia oili, waosha magari na pikipiki wanaoingia mtoni, majenereta na mashine za kusaga zinazovuja, na mitungi ya oili inayooshewa kijitoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Karakana inayokusanya oili yake katika pipa lenye kifuniko na kuikabidhi kwa wanaoruhusiwa kuichukua hupunguza madhara bila gharama kubwa.

Jinsi ya kutambua

Si kila utando unaong'aa juu ya maji ni mafuta. Katika vinamasi vyenye chuma, bakteria wa kawaida hutengeneza utando wa rangirangi usio na madhara. Gusa utando huo kwa kijiti. Ukivunjika vipande vipande kama kioo na kubaki hivyo, si mafuta. Ukikunjuka na kurudi kuungana mara moja, yaelekea ni mafuta.

Kujua kama mto unapona, geuza mawe machache katika sehemu yenye maji mafupi na mkondo. Ukikuta wadudu wa aina mbalimbali, konokono na kaa wadogo, mto unapumua. Ukikuta minyoo myekundu peke yake, oksijeni ni kidogo na kuna uchafu. Shule zinaweza kufanya zoezi hili kila muhula mahali pale pale na kuandika matokeo, ili mabadiliko yaonekane mapema.

Mwananchi afanye nini mafuta yakimwagika?

1. Kaa mbali na gari la mafuta lililopinduka, wala usichote mafuta. Tarehe 31 Januari 2009 watu zaidi ya 100 walikufa kwa moto huko Sachang'wan, karibu na Molo. Julai 2021 wengine zaidi ya 10 walikufa Malanga, Kaunti ya Siaya. Mvuke wa petroli hushika moto hata ukiwa mbali na gari. Zima moto na sigara, na usiwashe pikipiki karibu.

2. Toa taarifa mara moja kwa polisi, chifu, msimamizi wa wadi au ofisi ya NEMA ya kaunti. Taja mahali, saa, na kijito kilicho karibu zaidi.

3. Waarifu walio chini ya mto wafunge mabomba ya kuvutia maji na kuondoa mifugo.

4. Usinywe maji hayo. Kuyachemsha hakuondoi mafuta, wala dawa ya klorini haiyaondoi.

5. Kama ni dizeli au oili, na maafisa wamesema mahali ni salama, zibeni mtaro kwa magunia ya mchanga kabla haujafika mtoni. Pitisheni bomba chini ya kizuizi, mdomo wake wa ndani ukiwa chini kabisa. Maji yatapita chini, na mafuta yatabaki yakielea juu yachotwe. Tandazeni makapi ya miwa au vumbi la mbao yanyonye yaliyobaki.

6. Usimwage sabuni wala kusukuma mafuta mtaroni kwa maji. Hilo huyaficha tu na kuyapeleka kwa jirani.

7. Makapi yaliyonyonya mafuta yawekwe ndani ya mapipa mahali pakavu hadi yachukuliwe. Yasitupwe shambani wala kuchomwa kando ya nyumba.

8. Usikate matete wala kuchimba tope bila ushauri wa wataalamu. Mizizi iliyo hai ndiyo itakayorudisha kinamasi.

Sheria inasemaje?

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mwananchi kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, sehemu ya 93, inakataza kumwaga mafuta na kemikali hatari katika mazingira. Aliyemwaga anaweza kuamriwa kulipa gharama za kuyaondoa na kurejesha mahali hapo katika hali yake.

Ushahidi husaidia. Picha zenye tarehe, majina ya mashahidi, na maji yaliyowekwa katika chupa safi ya kioo ni mambo ambayo jamii inaweza kuyaandaa siku ile ile, kabla mvua haijafuta alama.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mafuta pia, hata penye mashine bora, mara nyingi huzoleka sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ya kazi iliyobaki hufanywa na jua, hewa, bakteria na wadudu walioteremka kutoka juu ya mto. Wakazi wanaoweza kuisaidia kazi hiyo ni wale wanaozuia mafuta mapema, wasioongeza sumu, wasiorudia uchafuzi, na wanaolinda chemchemi zinakotoka mbegu za uhai mpya.